Siku Niliyosema Sikukuzaa

Giteranyi, jioni kabla hujaondoka

Mwanangu Elie,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata baba alipokuwa hai. Watu wote wanaamini kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyeanza kuniita mama, kama watoto wanavyookota neno. Si kweli. Mimi ndiye niliyekufundisha.

Ulikuwa na miaka miwili hivi. Tulikuwa bado kambini, Tanzania, kwenye foleni ya bomba la maji. Mtoto mmoja alianguka, akalia, mama yake akaacha ndoo akamkimbilia. Wewe ulisimama unatazama. Ukaniuliza, "Yangu iko wapi?" Hukusema mama, kwa sababu hilo neno hukuwa umelitumia kwa mtu. Ulisema tu "yangu", kana kwamba kila mtoto amegawiwa yake na ya kwako imesahaulika. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Niliinama, nikakwambia, "Mimi hapa. Sema mama." Ulilijaribu mdomoni mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayeonja uji kama umepoa. Kisha ukacheka. Tuliporudi nyumbani ukaniita hivyo mbele ya baba, naye akaacha kula. Akaniuliza, "Nani kamfundisha?" Nikasema, "Kaanza mwenyewe." Baba alinitazama muda mrefu, akasema, "Siku moja atakuuliza." Mwaka uliofuata homa ilimchukua, na sikuwa na mtu mwingine wa kunitazama vile.

Nimekuandikia "mwanangu" hapo juu kwa makusudi. Karatasi hii ndiyo mahali pekee palipobaki ambapo naweza kukuita hivyo bila kukuharibia shamba lako.

Mambo ya viatu, ya kuoga, ya kikohozi chako cha asubuhi, nimeshamwambia shangazi Zuhura atakayekuchukua kesho, na yeye ananisikiliza kwa nusu sikio kwa sababu amelea watoto wanne. "We Jeanine," alisema leo mchana, "mi nitamulea kama wangu, wallahi. Kwetu Nyamugari iko shule karibu, iko watoto wa kucheza nao. We soma tu." Kisha akatazama miguu yako akashangaa, "Viatu gani hivi? Mutoto iko na viatu vya mutu mukubwa." Ulicheka kidogo. Nilifurahi, kwa sababu tangu siku ile ya wazee hujacheka mbele yangu.

Huwezi kuisoma barua hii sasa. Una miaka sita, na herufi unazozijua ni zile za jina lako. Lakini utakua, na kuna watu watakaokuambia kwamba dada yako alikukana mbele ya kilima kizima ili apate shamba. Nimeshawasikia wakisema kisimani. Nataka uisikie habari hii kutoka kwangu, na nataka uisikie yote, pamoja na sehemu zisizonipendezesha.

Nianze na mama. Mama yako, aliyekuzaa, anaitwa Konsolata. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na alipokuwa anakata mboga watu walikaa mbali naye kidogo kwa hofu ya kisu. Aliuza dagaa sokoni kambini. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusimulia, hivi kwamba mara nyingi hatukujua hadithi iliishaje. Alikaa na wewe wiki tatu. Jina la Elie alilichagua yeye. Baba alitaka jingine. Alikushika masikio akasema, "Haya ni ya baba yake, hata akipotea atarudishwa." Damu haikuacha kumtoka vizuri, akadhoofika, akafa hospitalini pale kambini. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kuanzia hapo wewe ulilala mgongoni mwangu.

Unalikumbuka kaburi lake, ingawa hujui kwamba unalikumbuka. Siku chache kabla ya malori kuturudisha Burundi nilikupeleka kwenye makaburi. Uliokota maua ya njano ukayaweka pale nilipokuonyesha. Ukauliza, "Huyu nani?" Nikasema, "Mtu wa kwetu." Ulimpungia mkono tukaondoka. Ningeweza kusema jina lake pale. Hapakuwa na mtu mwingine, ni mimi na wewe na upepo. Niliogopa kwamba nikikuambia una mama aliyelala pale, hutakubali kupanda lori. Hivyo ndivyo nilivyojielezea wakati ule. Sasa naona pia kwamba niliogopa utaacha kuniita mama, na wakati huo hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa ananiita chochote zaidi ya jina langu.

Tulipofika hapa kilimani, baba mdogo alitupokea. Usisahau hilo, hata wakikusimulia mengine. Alituletea mihogo na mkeka. Alikuwa na watoto saba na shamba la baba alilolilima tangu baba alipokimbia, miaka mingi kabla sijazaliwa. Alilisafisha yeye, alipanda migomba yeye. Tulipoanza kuuliza mpaka uko wapi, alisema tungoje. Tukangoja. Watoto wa hapa walituita Watanzania, na mimi nilipojibu kwa Kirundi changu cha kambini walicheka zaidi. Nikawa najificha nyuma ya vitabu vyangu shuleni. Wewe hukujificha. Ulikuwa unapiga kelele kutoka juu ya njia, "Mama! Mama Jeanine!" na kilima kizima kinasikia.

Mimi sikujua kitu ambacho kila mtu wa hapa anakijua. Kambini neno lilikuwa neno tu. Wanawake kule waliniita Mama Elie kwa utani na kwa huruma, na hakuna aliyepoteza kitu. Hapa kilimani mtoto aliyezaliwa na msichana asiyeolewa hana nafasi yake katika shamba la babu yake. Anakula kwa huruma ya wajomba. Mtoto wa kiume wa mwenye shamba, huyo ana nafasi. Kwa hiyo kila ulipoita jina lile njiani, kuna watu walikuwa wanahesabu. Na mimi nilikuwa naitika.

Nilipokwenda kwa wazee wa kilima kuomba shamba la baba ligawanywe, baba mdogo alikuwa na jibu lake tayari.

Wazee hawa wanaitwa bashingantahe. Utawajua ukiwa mkubwa. Ni watu walioapishwa kusikiliza mashauri ya majirani, na wana fimbo wanayoigonga chini wanapofungua neno na wanapolifunga. Walikaa kwenye nyasi nyuma ya shule ya msingi, wanaume sita na mwanamke mmoja, Mama Goreti. Watu walikuja kusikiliza, maana hapa shauri halifungiwi ndani. Nilikuvalisha shati lako la bluu. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi mbili, kwa mpangilio, kama insha. Kambini mambo yote yalikwenda kwa karatasi. Nilidhani na huku ni hivyo.

Nilisimama nikaanza kusoma. Mzee aliyeshika fimbo alinisikiliza mistari michache, kisha akasema kwa upole, "Weka karatasi, binti. Hiyo haikuona kitu. Sema wewe."

Nikajaribu kwa Kirundi. Watu wakacheka. Mama Goreti akasema, "Acheni. Binti, sema kwa lugha unayolilia. Hapa mpakani nani asiyesikia Kiswahili?" Nikasema kwa Kiswahili kwamba shamba la chini ni la baba yetu, na kwamba wewe ni mwanawe. Nilisema maneno machache sana. Karatasi zilikuwa zimejaa, kichwa kilikuwa kitupu.

Baba mdogo akasimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi sina ugomvi na binti wa kaka yangu. Lakini huyu mtoto si wa kaka yangu. Ni wa huyu msichana. Huko kambini wasichana walizaa wakiwa wadogo, wote tunajua. Karatasi yao ya kurudi imewaandika wawili tu, yeye mkubwa na mtoto wake. Msiniamini mimi. Muulizeni mtoto anamwitaje."

Karatasi ya kurudi kweli iliandikwa hivyo, maana baba alipokufa walinifanya mimi kichwa cha familia na wewe mtoto uliye chini yangu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hata mimi kila siku namsikia akimwita." Mwingine akasema, "Mama Jeanine!" kwa sauti nyembamba kama yako, wakacheka. Niliinamisha kichwa. Nilitamani ardhi ile tunayoigombania initoe machoni pa watu.

Mama Goreti alikuita. Ulikwenda bila woga, ukasimama mbele yake umeweka mikono nyuma.

"Unaitwa nani?"

"Elie."

"Yule pale ni nani?"

"Mama."

"Mama aliyekuzaa?"

Ukanigeukia. Mzee wa fimbo akasema, "Usimtazame yeye. Mtazame bibi." Ukamtazama. Ukafikiri. Kisha ukasema, "Mama ni mama," na safari hii hakuna aliyecheka.

Ndipo Mama Goreti aliponigeukia mimi. "Na wewe, binti. Huyu ni nani kwako?"

Elie, nilijua nikinyamaza utabaki kuwa mwanangu na utakosa shamba, jina la baba na kilima. Nikisema, utapata vyote hivyo na utanikosa mimi, mbele ya watu wale wote, ukiwa umevaa shati la bluu. Sikuwa na muda wa kukuchukua pembeni. Nilikuwa nimepata miaka minne ya kukuchukua pembeni na sikuitumia.

Nikasema, "Ni mdogo wangu. Mama yetu alikuwa Konsolata. Alimzaa yeye, akafa. Mimi sijazaa mtu."

Ulisema, "Muongo." Ulilisema kwa sauti ya chini, si kwa hasira, kama unanisahihisha. Halafu ukauliza, "Sasa yangu iko wapi?"

Ni maneno yaleyale ya bombani. Sidhani ulikumbuka. Sikuweza kukujibu, kwa sababu mzee alikuwa ameshamwita Mama Violeta, jirani yetu wa kambini aliyerudi kabla yetu. Alisimama akaeleza kwamba usiku uliozaliwa ni yeye aliyeshika tochi, na kwamba mimi nilikuwa nje nachemsha maji na kulia. "Huyu msichana," alisema, "wakati huo hata kifua hakuwa nacho. Mnamwonea bure." Baba mdogo alitazama chini. Nafikiri alijua tangu mwanzo. Nafikiri pia alikuwa anawafikiria watoto wake saba, na siwezi kusema kwamba ningekuwa yeye ningefanya vingine.

Wazee walijitenga, wakaongea, wakarudi. Hukumu yao uliisikia lakini hukuielewa, kwa hiyo naiandika. Shamba la juu, alilolifyeka baba mdogo mwenyewe, ni lake. La chini, mpaka kijito, ni lako, kwa kuwa wewe ni mwana wa baba. Mama Violeta atalilima mpaka ukue, na mazao yatamlisha yeye na kunisomesha mimi, nami nitakaa kwake. Halafu wakafika kwako. Mzee alisema baba mdogo, kwa kuwa alikukana, hawezi kupewa kukulea. Na msichana wa shule asiye na mume wala mama, aliye peke yake nyumbani, naye hawezi. Si kwa ubaya. Wakamuuliza shangazi Zuhura, aliyekuja kutoka Nyamugari, kule Gitega, kwa sababu ni dada wa baba na wa baba mdogo pia. Akasema, "Mi niko dada yao wote wawili. Nipeni mutoto, na hakuna mutu atagombana." Wakakubali. Wakaongeza jambo moja ambalo nalishika sana: kila mavuno ya maharage lazima urudi hapa, utembee shambani, majirani wakuone, ili asitokee mtu wa kusema amekusahau.

Kisha mzee akauliza kama kuna neno lililobaki. Ndivyo wanavyofanya, ukisema lipo, wanangoja, ukisema halipo, fimbo inagonga na neno limefungwa. Walinitazama. Neno lilikuwepo. Hakuna aliyekuwa amekuuliza wewe unataka kukaa wapi. Na mimi mwenyewe sikutajwa popote kwenye ardhi ile, nililiona hilo pia. Lakini nilikuwa nimeshasema sentensi moja siku hiyo na nilihisi sina nyingine. Nikasema, "Hakuna." Fimbo ikagonga.

Tukaenda kupanda mpaka. Walikata vijiti vya miyenzi, ile mimea ya utomvu mweupe, na mzee akakupa cha kwanza uchomeke mwenyewe, ili mkono wako uwe shahidi. Ulichomeka huku makamasi yanatiririka. Ulikataa nikufute.

Sina hakika kama tulitendewa vema, Elie. Nimelifikiri kila siku. Kabla ya wazee wale hatukuwa na kitu, na wangeweza kumwamini mtu mzima wa kilima chao badala ya msichana anayechekwa na watu kwa lafudhi yake. Hawakufanya hivyo. Walinisikiliza kwa lugha yangu. Walikupa baba yako. Lakini siku hiyohiyo waligawanya kitu kingine ambacho hakikuwa shamba, na nadhani hawakukiona kwa sababu sikuwaonyesha. Wao walipokea nilichosema. Nisichosema hawakuwa na namna ya kukipima.

Hilo ndilo ningependa ulichukue kutoka kwangu, kama kuna kitu cha kuchukua. Mimi hunyamaza kwa sababu ya aibu, na watu hudhani ni adabu, hata mimi nilidhani hivyo. Nilinyamaza kaburini, nikanyamaza njiani ulipokuwa unaniita, nikanyamaza mzee alipouliza kama kuna neno. Wewe huna ugonjwa huo. Ulisema "Mama ni mama" mbele ya wazee saba. Usiruhusu mtu akufundishe kuacha, hata shangazi, hata mwalimu.

Tangu siku ile huniiti jina lolote. Ukitaka maji unasema, "Maji." Usiku unalala umenipa mgongo. Jana nilikusikia ukimwuliza Mama Violeta, "Konsolata alikuwa ananipenda?" Hukuniuliza mimi. Mama Violeta akakwambia, "Sana. Alikuwa anakuuma masikio." Ni kweli, nilikuwa nimesahau. Alikuwa anayauma kwa midomo.

Jibu la swali lako ni hili. Yako iko kambini, chini ya yale maua ya njano. Na iko hapa pia, inaandika. Wazee hawakukataza hilo la pili. Ni mimi niliyelikataa kwa mdomo wangu kwa sababu ilinibidi, na sikulikataa kwa kitu kingine chochote.

Jeanine


Naongeza haya leo jioni. Umeshaondoka.

Nilikusudia kumpa shangazi barua hii asubuhi ili akutunzie. Sikumpa. Angekusomea yeye, au mume wake, au jirani yeyote wa Nyamugari anayejua kusoma, na mambo yetu yameshasikilizwa na watu wa kutosha. Nimeiweka ndani ya kitabu changu cha Kifaransa. Nitakusomea mwenyewe.

Tulikupakia kwenye keria ya baiskeli mpaka barabarani kwenye gari la Muyinga, shangazi akitembea nyuma na kulalamika kuhusu vumbi. Ulikaa dirishani. Hukunitazama. Dereva alipowasha gari, ulitoa kichwa ukasema, "Da-da." Ulilijaribu mdomoni taratibu, mara mbili, kama lile jingine bombani. Kisha ukasema kwa haraka, "Dada, yule kuku mweupe ni wangu, msimuuze." Nikasema, "Hatumuuzi." Gari likaondoka.

Nilirudi kwa kupitia shambani. Baba mdogo alikuwa analima upande wake. Aliegemea jembe akauliza, "Ameondoka?"

"Ameondoka," nikasema. "Atarudi mavuno ya maharage. Na akirudi, nitakwenda kwa wazee tena. Lipo neno nililolisahau."

Nililisema kwa sauti, na kwa Kirundi. Alinitazama, akasema, "Lafudhi yako bado mbaya," akaendelea kulima.

Nilipalilia kuzunguka miyenzi. Vijiti viwili vimekauka, kile chako kina chipukizi. Nilinawa mikono kwenye kijito, nikavaa sare, nikaenda shule. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza. Mwalimu aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa namsindikiza mdogo wangu, amehamia Gitega. Akasema nikae. Nikakaa, nikafungua kitabu cha Kifaransa kwenye ukurasa ambao barua haipo.